Sweta imerudi: kumbe kondoo nao wana sherehe yao, na watu wa kuisimamia bure

Mwaka jana nilitumwa Kabale kwa kazi ya wiki mbili, na yeyote aliyewahi kulala Kabale mwezi wa saba anajua ile baridi haina utani, kwa hiyo kabla ya kupanda basi nikapitia soko la Owino, Kampala, kutafuta sweta. Nikapata moja ya rangi ya majivu, nzito, imefumwa vizuri, na kwenye kola ina kibandiko kinasema ni sufu tupu, asilimia 100. Tukavutana bei na muuza mivumba (mitumba) mpaka akachoka, nikaondoka nayo. Kule Kabale ilinifaa kweli, sina neno. Kosa nililifanya mwenyewe niliporudi Kampala: nikaitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga nikaisugua kama nasugua jinzi. Kesho yake naenda kuianua kwenye kamba nakuta imekua ya mtoto wa miaka minne, ngumu kama zulia.

Nikampigia mama Busia. Mama amefuma sweta za shule kwa mashini tangu mi niko praimari, mambo ya nyuzi huwezi kumdanganya. Akacheka kwanza. "We mwanangu, hiyo nguo uliifua au uliipika?" Halafu akaniambia sweta zake yeye hata ukizichemsha hazirudi hivo, kwa sababu uzi anaonunua dukani ni wa kiwandani, akriliki, hiyo ni plastiki tu. Sufu ni kitu kingine. Na akauliza swali ambalo ndo limenifikisha hapa: "Sasa hiyo sufu wanaitoa wapi? Mi kondoo nimewaona maisha yangu yote, hapa Busia, Tororo, mpaka Soroti, sijaona hata mmoja mwenye sufu."

Ni kweli bana. Nenda popote Uganda uangalie kondoo anayefungwa kando ya barabara, ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, mpaka watu wengine wanawatofautisha kwa mkia tu, wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala. Na si kwamba tuna kondoo wachache, sensa ya mifugo ya 2008 ilihesabu kama milioni 3.4, karibu nusu yao Karamoja. Milioni tatu na ushee, na uzi wa sweta za shule tunanunua wa plastiki. Nikasema hapa kuna kitu sikielewi, nikaanza kusoma, na kila nilipogusa habari za sufu nikawa naangukia kwenye kitu kimoja: sherehe za kondoo na sufu za huko Marekani na Uingereza, maelfu ya watu uwanjani kwa ajili ya manyoya. Mwanzo nilidhani ni mambo ya wazungu wenye muda mwingi. Nilivoendelea nikaona nimekosea, au tuseme nimekosea nusu.

Lakini tuanze na kondoo mwenyewe, bila hivo hayo mengine hayataeleweka.

Kwanza neno. Sufu na sufi watu wanachanganya kila siku. Sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi tunayojazia mito na magodoro ya zamani. Sufu ni ya kondoo, neno limekuja na Waarabu. Ukimwambia fundi magodoro unataka sufu atakupa sufi na atakuona we ndo hujui kutamka.

Kondoo alifugwa mara ya kwanza Mashariki ya Kati, miaka kama elfu kumi iliyopita, na kondoo wa wakati huo hakua na sufu, alikua na manyoya makavu kama wetu, na chini ya manyoya kuna kautando kafupi ka sufu ka wakati wa baridi ambako kalikua kanadondoka kenyewe jua likirudi. Alifugwa kwa ajili ya nyama. Ni baada ya maelfu ya miaka ndo watu wa kule wakaanza kuchagua wale wenye sufu nyingi wakazalishana nao, kizazi baada ya kizazi, mpaka manyoya makavu yakapungua na sufu ikabaki inaota tu bila kudondoka. Kondoo wa mwanzo waliingia Afrika kupitia Misri wakiwa bado na manyoya yao, na huku kwenye joto hakuna aliyeona haja ya kuwavisha blanketi. Kwa hiyo kondoo wa Karamoja si kondoo aliyeshindwa kuota sufu, huyo ndo yuko karibu na babu yao. Yule wa sufu ndo aliyebadilishwa na watu, na sasa usipomnyoa kila mwaka anateseka, sufu inaota mpaka inamfunika macho na kumlemea.

Hapo ndo kuna jambo la sweta yangu pia. Unyoya wa sufu ukiutazama kwa darubini una magamba kama samaki, yamelaliana kuelekea upande mmoja. Ukiutia maji ya moto na sabuni magamba yanainuka, ukisugua yanashikana na ya jirani, na yakishashikana hayaachani tena, kila unavyosugua yanazidi kukazana. Huko ndo kurudi kwenyewe. Akriliki haina magamba, ndo maana sweta ya shule inapita mikononi mwa watoto watatu wa nyumba moja na bado urefu ni ule ule. Na ukitaka kujua sweta ya mivumba ni sufu kweli au kibandiko kimedanganya, chomoa kauzi kamoja ndani ya pindo, ukawashe kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua, inazima yenyewe, inabaki jivu unalolisaga kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kashanga kagumu keusi. Usifanyie hapo hapo kwenye meza ya mwenye mali lakini.

Haya, sherehe sasa.

Inayotajwa kuliko zote Marekani ni ya Maryland, ilianza 1974, na inafanyika wikiendi ya kwanza ya mwezi wa tano kwenye uwanja wa maonyesho wa Howard County, sehemu inaitwa West Friendship, si mbali na Baltimore. Ukitaka picha yake fikiria yale maonyesho ya kilimo ya Jinja, yale mabanda, zile harufu, watoto wanaopotea na kutangazwa kwenye spika, lakini kila kitu ni kondoo. Kondoo wa kila aina kwenye vizimba, mbwa wanaochunga wakionyesha kazi, nyama ya kondoo kwenye mkate, watu wa kunyoa, wanaosokota, mabanda ya nyuzi za rangi mpaka macho yanauma.

Swali ni kwa nini 1974. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanafikiri sherehe kama hiyo inazaliwa mahali kondoo ni wengi na sufu inalipa. Ni kinyume chake kabisa. Marekani ilikua na kondoo wengi kuliko wakati wowote mwaka 1942, kama milioni 56. Leo wako kama milioni 5. Yaani katika kila kumi wamebaki pungufu ya mmoja. Nini kiliwapata? Nailoni ilitangazwa 1938, baada ya vita vikaja akriliki na poliesta, vitu visivyorudi kwenye maji moto, na kina mama wa kule walikua wamechoka kufua kwa uangalifu (siwalaumu). Nyama nayo ikakosa walaji, wengi wanasema wanajeshi walilishwa nyama ya kondoo ya makopo vitani mpaka wakarudi nyumbani wakaapa haitaingia tena jikoni. Serikali ikajaribu kushika, mwaka 1954 ikapitisha sheria ya kuwaongezea wafugaji pesa juu ya bei ya sufu kwa hoja kwamba jeshi linahitaji sufu ya sare, lakini kondoo wakazidi kupungua tu, na 1993 Bunge likaamua msaada huo uondolewe taratibu.

Kwa hiyo miaka ya 1970 mfugaji mdogo wa Maryland mwenye kondoo thelathini alikua hivi: amenyoa, ana magunia ya sufu, mnunuzi ni mmoja, na bei anaitaja mnunuzi. Hawa wadogo walikua (na bado wako hivo) wanakusanya sufu yao pamoja kwenye lundo moja ili iwe nyingi ya kutosha kuuzwa kwa kiwanda, na hapo sufu nzuri ya fulani na sufu mbaya ya fulani zinalipwa karibu sawa, mara nyingi chini ya dola moja kwa paundi, na paundi ni kama nusu kilo. Kumlipa anayekunyolea kunaweza kuzidi pesa ya sufu yenyewe. Mkulima wa kahawa wa Bugisu hii habari haihitaji kutafsiriwa.

Wakati huo huo, mjini, kulikua na watu wengine kabisa. Vijana waliochoka na plastiki na kelele za jiji, walimu, manesi, wamama waliostaafu, wanataka kusokota uzi kwa mikono yao kama bibi zao, na hawana pa kununua sufu nzuri. Dukani kuna uzi wa kiwandani tu. Mtu huyu akipata sufu safi, ya kondoo mmoja anayejulikana, ndefu, haina majani, analipa dola kumi, kumi na tano, hata zaidi kwa ile paundi ambayo kiwanda kinanunua kwa senti. Sherehe ya kondoo ni mahali hawa wawili wanapokutana uso kwa uso. Muziki na nyama ya kuchoma vipo ili wenye watoto nao waje. Chini yake ni soko, na ni soko linalomruka mtu wa kati.

Kuna kisa kinaonyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu, cha kondoo weusi. Kiwandani kondoo mweusi ni hasara, kwa sababu sufu nyeusi haipokei rangi, na nyuzi chache tu zikiingia kwenye lundo la nyeupe zinaonekana kwenye kitambaa kizima, kwa hiyo mfugaji alikua anamuondoa mapema, na kwenye mashindano hakaribishwi. Sasa hawa wanaosokota kwa mikono ndo walikua wanamtafuta huyo huyo, mweusi, wa kahawia, wa majivu, kwa sababu anakupa uzi wa rangi bila kupaka rangi. Huko Oregon wafugaji wa hawa waliokataliwa wakaanza mkutano wao katikati ya miaka ya 1970, Black Sheep Gathering, na mpaka leo unaendeshwa na watu wa kujitolea. Nilipoangalia sweta yangu ya majivu tena nikajiuliza kama ilitiwa rangi au ndo rangi ya kondoo mwenyewe. Sasa imeshakua zulia, haitaniambia.

Nirudi kwa hawa wanaojitolea, maana mimi ndo walionishika zaidi kuliko kondoo.

Tunaposikia mtu anajitolea kwenye sherehe tunawaza mtu amevaa tisheti anatabasamu. Hebu niwaambie kazi ya banda moja tu, la mashindano ya sufu. Mfugaji analeta sufu ya kondoo mmoja, yote nzima kama ilivyotoka mwilini, imekunjwa kwenye mfuko. Kabla ya kuileta alitakiwa kuitandaza mezani na kuondoa kingo zote, zile za tumboni na za nyuma zenye kinyesi. Mtu wa kujitolea anaipokea, anaipima uzito, anaandika aina ya kondoo, anaifunga namba, anaiweka kwenye kundi lake maana laini hazishindani na zile ndefu za kukwaruza. Zinakuja mamia. Jaji akianza kuna mtu wa kumfungulia kila mfuko, mwingine wa kuandika kila anachosema, mwingine wa kuukunja tena bila kuvuruga, maana ukiivuruga mnunuzi hajui tena bega liko wapi na paja liko wapi. Baada ya majaji kuna kuuza, watu wamepanga foleni nje tangu asubuhi na wengine wanakimbia kabisa mlango ukifunguliwa, na pesa ya kila mfugaji inatakiwa imfikie yeye mwenyewe kamili. Hiyo yote na mikono imejaa mafuta ya kondoo, yale yanayoitwa lanolini, ambayo kama hujui umeshayapaka, yamo kwenye losheni nyingi na mafuta ya midomo.

Na jaji anaangalia nini? Hiki nilikipenda sana. Anachomoa kishungi kidogo, anakishika ncha mbili, anakisogeza sikioni, anakivuta kwa ghafla. Kikilia kama uzi wa zeze, sufu ni nzima. Kikisikika kama kinakatika katika ndani, kuna mahali ina udhaifu. Na udhaifu huo una sababu yake, kondoo akiumwa, akikosa majani, akizaa kwa shida, siku hizo unyoya unaota mwembamba, na unabaki hivo hivo ndani ya sufu mpaka siku ya kunyolewa. Yaani mwaka wote wa yule mnyama uko pale kwenye kishungi. Ukimfuga vibaya mwezi wa pili, mwezi wa tano jaji anakusikia. Upana nao unapimwa, kwa maikroni, sehemu moja ya elfu ya milimita: unywele wa mtu ni kama 70, sufu laini ya kondoo wa aina ya merino iko chini ya 20 na kitu, ndo maana haikuni shingoni.

Halafu kuna yale mashindano ambayo watu wanayazunguka kama wanaangalia boksa wakipigana. Timu ina watu watano: mmoja ananyoa, watatu wanasokota, mmoja anafuma. Kondoo anasimama pale na sufu yake mwilini, saa inaanza, na ndani ya masaa matatu hiyo sufu inatakiwa iwe shali imekamilika. Hakuna muda wa kuiosha, wanaisokota na mafuta yake. Mtande, zile nyuzi za urefu kwenye mtambo wa kufumia, wanaruhusiwa kuutega kabla, lakini mshindio, ule unaopita katikati, wote unatoka kwa kondoo wa siku hiyo. Kasi peke yake haikupi ushindi, shali inakaguliwa ubora, na mwisho zinapigwa mnada.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 25 Juni 1811, mji wa Newbury, Uingereza, bwana mmoja Sir John Throckmorton aliingia dau la gini elfu moja (pesa ya zamani ya kule) kwamba ataketi mezani jioni amevaa koti lililotoka kwa kondoo wa asubuhi ile ile. Mwenye kiwanda John Coxeter akakubali kazi. Kondoo wawili wakanyolewa saa kumi na moja alfajiri, sufu ikaoshwa, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, fundi akakata na kushona, na koti likavaliwa baada ya masaa 13 na dakika 20. Waliobisha wakalipoteza dau. Na wale kondoo? Wakachomwa wakaliwa na umati siku hiyo hiyo, masikini, wamenyolewa asubuhi na kuliwa jioni.

Sasa nani anakubali kufanya kazi kama ile ya banda la sufu bila kulipwa, wikiendi nzima, kila mwaka? Niliposoma hilo nikaacha kuwaza Marekani nikawaza kikao cha harusi. Sisi Waganda tuone aibu kusema hatuelewi kujitolea. Mtu akitaka kuoa hapa anaita vikao, kuna mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa magari, mtu wa mapambo, mtu wa chakula, hakuna anayelipwa, na watu wanatoa na ahadi juu. Msiba ukitokea kuna munno mukabi, wanakuja na masufuria na mahema yao kabla hata hujamaliza kulia. Na bulungi bwansi, kijiji kinatoka na majembe kulima barabara na kusafisha kisima. Tunajua vizuri sana. Na tunajua pia siri yake: kwenye kila kamati kuna watu kumi na tano kwenye orodha na watatu wanaofanya kazi, na mmoja wa hao watatu ni mama fulani ambaye asipokuja hakuna anayejua funguo za stoo ziko wapi.

Sherehe za sufu ziko hivo hivo. Maryland walioanza ni wafugaji wenyewe, na kila kitu kuanzia kuegesha magari, kukata tiketi, kupanga vizimba, kuongoza wageni, kufagia, kinashikwa na watu wa chama na jamaa zao na vijana wa vilabu vya kilimo. Tofauti na harusi ni kwamba harusi inaisha. Hii inarudi kila mwaka, na ili irudi lazima mtu awe ameandika mwaka jana tulifanyaje, meza ngapi, umeme uliungwa wapi. Kazi ya kuandika ndo haina anayeipenda, na mimi kwa maoni yangu ndo inayotofautisha sherehe iliyofika miaka hamsini na ile iliyofanyika mara mbili ikafa. Sisi tunajua kuanza kwa kishindo jamani, kwenye kuandika ndo tunapeperuka.

Tusiseme pia kwamba kujitolea ni bure. Mtu anaomba likizo kazini, anaweka petroli yake, analala kwa rafiki. Wengi walioanza wakiwa vijana sasa magoti yanauma. Na 2020 korona ilipofunga viwanja, kile walichokua wanakijua mikononi hakikua na pa kufanyika, ikabidi Maryland wahamie kwenye intaneti, watu waonyeshe nyuzi kwenye skrini. Uzi ambao huwezi kuushika! Ni kama kununua nguo Owino kwa simu. Lakini walishika hivo hivo, na uwanja ulipofunguliwa wakarudi.

New York wana yao pia, mji wa Rhinebeck, mwezi wa kumi kukianza baridi, na kule kuna mchezo mmoja: watu wanafuma sweta maalum ya kuvalia siku hiyo, wanaanza miezi kabla, kwa hiyo uwanja mzima umejaa watu wanaokaguana migongo. Mgeni anakusimamisha anakushika mkono wa sweta bila hata salamu, anauliza ni uzi gani huu. Mama angefurahi sana pale.

Uingereza nako kumekucha zaidi. Kule bei ya sufu imeshuka mpaka mwaka 2020 wafugaji wengine walichoma sufu yao au wakaifukia, kwa sababu kuisafirisha ni hasara. Huko Cumbria ushirika wa wafugaji na mafundi ulianzisha Woolfest 2005, kwenye mnada wa mifugo wa Cockermouth, ndani ya vizimba vile vile vya kuuzia ng'ombe. Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, wana wiki nzima ya sufu tangu 2010, na kila mwaka inatolewa fasheni moja ya kofia, bure, kila anayekuja anaifuma kwa rangi zake, basi ukishuka kwenye boti unajua nani amekuja kwa nini kwa kumtazama kichwani.

Niliyasoma yote haya nikampigia mama tena, nikamueleza kuhusu ile timu ya watu watano na masaa matatu. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Hao wanafanya kama watu wa lubugo."

Sikua nimefikiria hivo, lakini ana haki. Mafundi wa lubugo kule Buganda, kazi ambayo kwa asili ni ya ukoo wa Ngonge, wanachuna gome la mti wa mutuba, wanalilainisha kwa moto, halafu wanalipiga kwa nyundo za mbao, ile yenye mifereji mipana kwanza, ya mifereji membamba mwisho, kwenye kibanda kilicho wazi ili lisikauke haraka, mpaka gome linakua kitambaa. Asubuhi mti, baadaye nguo, hakuna kusokota wala kufuma. Na mti haufi, wanaufunga kwa majani ya migomba mahali palipochunwa, gome linaota tena, mwaka mwingine wanachuna tena. Yaani mutuba ananyolewa kama kondoo. Yunesko waliitangaza kazi hiyo kama urithi mwaka 2005, na kitambaa chenyewe, nacho, kilishasukumwa pembeni na pamba ya Waarabu na baadaye ya viwandani, kama sufu ilivyosukumwa na akriliki, kikabaki kwenye mazishi na kwenye mambo ya Kabaka. Ila mimi sijawahi kuona uwanja watu wanapanga foleni tangu alfajiri kununua gome la fundi fulani kwa jina lake. Soko hilo la kukutana uso kwa uso ndo silioni, fundi yupo na anayetaka yupo, na katikati yao kuna mwenye duka la kuuzia watalii.

Kuhusu kondoo wetu sitawadanganya kwamba tuanze kunyoa Karamoja, hakuna cha kunyoa. Kondoo wa sufu wanapenda baridi, wenzetu Kenya wanao huko juu Molo na Naivasha, hapa labda milima ya Kabale na Kapchorwa, na mfugaji wa hapo akiniuliza ntamwambia kwanza atafute nani atamnunulia, maana wafugaji wa Maryland walikua na kondoo na sufu tayari na bado walikua wanalia.

Ile sweta mama alisema nisiitupe. Nilipokwenda Busia Krismasi akaipokea, akaikagua, akaivuta huku na huku, akasema sasa haitafumuka hata ukiikata, ambayo ni kweli, ikishashikana vile unaikata kwa mkasi kama ngozi na hakuna uzi unaochomoka. Akaikata. Mikono miwili ikawa ya kushikia sufuria, kifua kikawa cha kufunika birika, na chai ya asubuhi tuliyoiacha mezani tukaenda kanisani tulirudi tukaikuta bado moto.